Mgao wa shamba la wanachama: wiki tatu za majani mwezi Juni, je, ndivyo ilivyo?

MamaMvomero, 18 Juni

Ndugu zangu, habari za majukumu; kwa wakubwa, shikamooni.

Tunaishi magharibi mwa Massachusetts, katika bonde la mto Connecticut, na mwaka huu mimi na mume wangu tumejiunga kwa mara ya kwanza na shamba la mboga za kilimo hai ambalo wanachama wake hulilipia msimu mzima kabla mbegu haijaanguka ardhini. Tulitoa dola 640 mwezi Februari, theluji ikiwa bado inafika magotini, na kwa fedha hizo tunastahili mgao mmoja kila Jumanne kwa wiki 20, kuanzia mwanzo wa Juni hadi katikati ya Oktoba. Ukigawanya, ni dola 32 kwa wiki, na kwa nyumba yetu hizo si fedha za kuchezea.

Jana tumechukua mgao wa tatu. Wa kwanza ulikuwa na saladi vichwa viwili, fungu la figili, mfuko wa spinachi laini na majani fulani makali ambayo mwanangu aliyatema mezani mbele ya wageni. Wa pili ulikuwa na saladi tena, chainizi yenye matundu madogo yasiyohesabika kana kwamba mtu ameipitishia sindano, na tanipu ndogo nyeupe pamoja na majani yake. Huu wa jana una saladi vichwa vitatu, spinachi, kikapu kidogo cha stroberi ambazo zilikwisha kabla hatujafika nyumbani, fungu la vikonyo vya kijani vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga, ambavyo niliambiwa vinatoka kwenye kitunguu saumu, na kitu cha mviringo chenye mashina yaliyotokeza pande zote, kiitwacho kolirabi. Nyanya hakuna, karoti hakuna, kitunguu maji hakuna, viazi hakuna.

Mume wangu anasema tumenunua majani kwa bei ya nyama. Mimi nimekulia Mvomero, nyumbani tulilima, na ninajua kwamba shamba haliamrishwi. Lakini ninajua pia kwamba mtu aliyekwisha kulipwa huweza kulegea. Naomba wenye uzoefu mniambie kama hali hii ni ya kawaida kwa mwezi huu au kama nimepunjwa, na kama mboga yenye matundu kiasi hicho inafaa kumpa mtoto. Aidha, mkataba wetu unatudai saa nne za kazi shambani kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, nami nitaanza tarehe 28. Ningependa kujua ni kazi gani hufanyika wakati huu, kwa sababu jembe ninalolijua mimi ni la kule nyumbani.

Mpalizi, 19 Juni

Mama Mvomero, marahaba, na karibu sana. Nimefanya kazi misimu sita katika mashamba ya namna hii, mawili kati yake yakiwa katika bonde hilohilo unaloishi, na nakuhakikishia kwamba mgao ulioueleza ndio mgao wa Juni. Kama ungeniambia kuwa ulipewa nyanya tarehe 3 Juni, hapo ndipo ningeuliza zilitoka wapi.

Huku jalidi ya mwisho, yaani baridi inayogandisha umande, huweza kushuka hata baada ya nusu ya Mei. Mwaka 2023 ilishuka usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei, ikaunguza matufaha machanga katika sehemu nyingi za majimbo ya kaskazini-mashariki. Kwa hiyo mche wa nyanya unaolelewa ndani ya nyumba ya plastiki tangu Machi au Aprili hauthubutu kutolewa nje kabla ya mwisho wa Mei, na tangu siku ya kupandikizwa hudai siku 60 hadi 80 hivi kabla tunda la kwanza halijaiva. Hesabu mwenyewe, utaona unafika mwisho wa Julai au Agosti. Kinachoweza kuliwa Juni ni kile tu kinachovumilia baridi ya Aprili na kukua upesi, yaani majani, figili na tanipu, na baadaye kidogo njegere. Kitunguu saumu kinastahili heshima ya pekee, kwa kuwa kilipandwa Oktoba mwaka jana, kikalala chini ya nyasi kavu majira yote ya baridi, na mwezi huu kinatoa kikonyo cha ua ambacho mkulima hukikata ili nguvu ya mmea irudi chini kwenye kitunguu chenyewe. Ulichopewa hakikuwekwa kwa ajili ya kujazia mfuko, kwani hupatikana kwa wiki mbili au tatu tu katika mwaka mzima.

Kuhusu spinachi, ile tunayoiita hivyo nyumbani, yenye shina nene jeupe, ni mmea mwingine, ndugu wa bitiruti, ambao unaweza kuuchuma miezi na miezi. Spinachi uliyopewa hukimbilia kutoa mbegu mara mchana unapozidi saa 14 hivi, na huko kwenu tarehe 21 Juni mchana unazidi saa 15. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, huchukua muda kuelewa kwamba huku mimea husoma urefu wa siku. Ifurahie sasa, kwa sababu baada ya wiki mbili hutaiona tena hadi vuli.

Matundu yale husababishwa na mbawakawa wadogo weusi wanaoruka kama viroboto, ambao hupenda jamii yote ya kabichi na huwa wengi hasa miezi hii. Mkulima wa kilimo hai huwazuia kwa kufunika matuta kwa kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha mwanga na mvua, lakini kila anapofunua ili kupalilia, baadhi huingia. Jani lenye matundu ni salama kabisa. Lioshe, lipike, mpe mtoto.

Sasa nije kwenye kazi, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mavuno huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, umande ukiwa bado umelala juu ya majani. Unashika kichwa cha saladi kwa mkono wa kushoto, unakiinamisha, unapitisha kisu chini kabisa ya jani la mwisho, na pale ulipokata hutoka utomvu mweupe kama maziwa ambao kabla ya saa mbili asubuhi utakuwa umegeuza vidole vyako kuwa vya kahawia. Kreti zikijaa huwahishwa kivulini na mboga kuzamishwa katika maji baridi, kwa kuwa joto la shambani likibaki ndani ya jani, mboga itanyauka kesho yake. Spinachi na majani madogo hukamuliwa maji ndani ya mashine kuukuu ya kufulia nguo, iliyotengwa kwa kazi hiyo tu.

Wewe, hata hivyo, Jumamosi utapewa palizi, na hapo ndipo Juni inapomvunja mtu mgongo. Joto limekuja, mchana ni mrefu, mvua ipo, na magugu hukua upesi kuliko kila kilichopandwa. Jembe la huku si la kuinua na kupiga. Ni chuma chembamba chenye umbo la kikuku cha tandiko la farasi, ambacho unakivuta na kukisukuma chini tu ya uso wa udongo ili kukata mzizi wa gugu likiwa bado uzi. Ukisubiri hadi gugu lionekane kutoka barabarani, umechelewa.

Naomba nikueleze jambo moja kuhusu karoti, kwa kuwa umeziulizia. Mbegu yake huchukua siku kumi hadi wiki mbili, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kuchipua, ilhali magugu huchipua kabla yake. Kwa hiyo shambani kwetu, siku ile ile ya kupanda, tulilaza kipande cha kioo cha dirisha juu ya kisehemu kidogo cha tuta. Udongo chini ya kioo hupata joto zaidi, na karoti za hapo huchipua siku chache kabla ya nyingine. Kila asubuhi mmoja wetu alipiga magoti na kuchungulia, na siku alipoona nyuzi za kwanza za kijani chini ya kioo, alasiri ileile tulipitisha moto wa gesi juu ya tuta zima, tukaunguza magugu yote yaliyokwisha kutokeza huku karoti zikiwa bado zimejificha udongoni. Ukikosea kwa siku moja, umeunguza karoti zako mwenyewe. Ukipatia, unaokoa siku nyingi za kupalilia kwa vidole.

Fedha yenu ya Februari ndiyo iliyonunua mbegu, udongo wa vitalu, gesi ya kupasha joto miche na mishahara ya Aprili, wakati shamba halina hata jani moja la kuuza. Utaratibu huu ulianza papa hapa mwaka 1986, katika mashamba mawili: Indian Line huko South Egremont, Massachusetts, alikokuwa mkulima Robyn Van En, na Temple-Wilton huko New Hampshire, nao wakulima na walaji wa Japani walikuwa wamekwisha kuingia makubaliano yanayofanana na hayo tangu miaka ya 1970. Waliouanzisha walisema wazi kwamba mwanachama hugharimia msimu wote, wenye neema na wenye hasara.

MamaUvira, 20 Juni

Dada yangu Mama Mvomero, salamu kutoka Lewiston, Maine. Mimi ni Mkongomani, huu ni mwaka wangu wa tano wa kuchukua mgao, na mwaka wa kwanza nililia kama wewe. Mzee Mpalizi amesema ya shambani, basi mimi niseme ya jikoni, maana mgao wa Juni hupotea jikoni zaidi kuliko shambani.

Kwanza, usitupe majani ya tanipu wala ya figili, tafadhali. Yachemshe kidogo, yamwage maji, kisha yakaange na kitunguu na karanga zilizotwangwa, nawe utakuwa umepata sufuria ya mboga ambayo majirani zako huko huitupa kwenye mboji. Kolirabi imenye ganda lote hadi ufike kwenye nyama laini, kwa sababu ganda lile lina nyuzi. Ndani yake ni kama moyo wa kabichi, mtamu, watoto huula mbichi na chumvi na limau. Majani yake yakate membamba na kuyapika kama sukuma wiki. Vikonyo vya kitunguu saumu vitwange na chumvi na pilipili, weka mafuta juu, hifadhi kwenye friza vigande, na utavitumia kila utakapopika samaki au maharage. Ni vitunguu saumu tosha, ila vyenye upole kidogo. Majani makali aliyoyatema mtoto yaingize ndani ya sufuria ya maharage dakika ya mwisho; ukali hupungua kwenye moto.

Sasa nikuambie jambo litakalokufurahisha. Yale magugu ambayo mtapewa kuyang'oa Jumamosi, angalia vizuri kabla hujayatupa. Mojawapo lina jani kama yai lililochongoka, mishipa imetokeza chini ya jani, na mzizi wake ni mwekundu karibu na uso wa udongo. Hiyo ni lengalenga, mchicha wenyewe, ingawa ni wa aina ya mwituni. Wenyeji wanauchukia kweli kweli, kwa kuwa mmea mmoja ukiachwa hutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Siku ile nilipouona nilisimama katikati ya tuta nikiwa nimeushika mkononi, na msichana tuliyekuwa tunapalilia naye akaniuliza kama nimeumia. Tangu hapo mkulima wetu huniachia kreti mbili kila wiki kuanzia mwisho wa Juni, bila malipo, maana kwake ni uchafu. Hapa Lewiston Wazigua waliotoka Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka pwani ya Tanganyika ya zamani, wana mashamba yao wenyewe, na nadhani wao hawakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba mchicha ni chakula.

KakaWaWorcester, 21 Juni

Nawasalimu wote kwa heshima. Nakubaliana na yaliyosemwa, lakini naomba tusimfanye Mama Mvomero aone kwamba kuuliza ni kukosa imani. Miaka michache iliyopita nililipia mgao kwenye shamba moja ambalo sitalitaja. Hadi katikati ya Julai tulikuwa bado tunapewa saladi iliyokwisha kuwa chungu kwa joto, kisha barua pepe zikakoma, mkulima akaondoka, na hatukurudishiwa hata senti. Hakukuwa na mafuriko wala ukame. Alikuwa amechukua wanachama wengi kuliko matuta aliyoyapanda.

Kwa hiyo, Mama, Jumamosi ukiwa huko, tembea. Waombe wakuoneshe nyanya zilipo, viazi vilipo, na vitalu vya kabichi za vuli, kwa sababu shamba lenye mpango huwa tayari linaotesha mwezi Juni kile utakachokula Septemba. Uliza pia kuhusu neno "kilimo hai" wanalolitumia. Chini ya kanuni za serikali ya Marekani zilizoanza kutumika Oktoba 2002, ardhi lazima ikae miezi 36 bila dawa na mbolea zilizokatazwa kabla ya mavuno kuuzwa kwa jina hilo, na samadi mbichi haitakiwi kutiwa shambani chini ya siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, kama vile saladi na figili. Shamba lenye mauzo yasiyozidi dola 5,000 kwa mwaka halilazimiki kuwa na cheti, bali hulazimika kufuata kanuni hizo hizo. Mkulima mkweli atakujibu maswali haya kwa furaha, huku akiendelea kufunga mafungu ya vitunguu.

Nyongeza kwa wengine watakaosoma: mwenye kadi ya msaada wa chakula asidhani kwamba mgao si wake. Hapa Massachusetts tangu 2017 kuna mpango wa jimbo unaomrudishia mtu fedha kwenye kadi hiyo anaponunua mboga na matunda moja kwa moja kwa wakulima walioandikishwa, na mashamba mengi ya wanachama yamo. Waulizeni mapema, kwa sababu nafasi hujaa.

Mpalizi, 21 Juni

Kaka, umesema kweli, nami nakushukuru, kwa kuwa niliandika kama mtu ambaye hajawahi kutendewa hivyo. Ningependa tu tutenganishe mambo mawili. Mwezi Julai 2023 mito ilifurika hapa na kule Vermont, na mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko haikuruhusiwa kuuzwa, hata ile iliyosimama wima na kuonekana nzuri machoni. Tulizitazama kabichi nzima nzima na kuzilima zirudi udongoni. Wanachama wetu walipewa kidogo mno mwezi ule, lakini kila wiki walipata barua iliyowaeleza kilichopotea, kilichobaki na kilichopandwa upya, na zaidi ya kumi kati yao walikuja na glavu bila kuitwa. Shamba lililokuumiza wewe halikuleta hasara tu, bali pia lilinyamaza.

MamaMvomero, 29 Juni

Ndugu zangu wapendwa, nimerudi na taarifa, na kiuno changu kinanikumbusha kila ninapoinuka.

Nilifika saa moja asubuhi. Tulikuwa wanachama saba na vijana watatu wa shambani. Kazi yetu ya kwanza haikuwa palizi, ilikuwa viazi: tulipewa kila mtu kopo lenye maji ya sabuni, tukatembea mstari kwa mstari tukigeuza majani na kutafuta mbawakawa wa manjano mwenye mistari kumi myeusi mgongoni. Chini ya jani hutaga mayai ya rangi ya chungwa, yamesimama yamebanana kama punje, na unayaponda kwa kidole gumba. Viwavi wake ni wekundu, laini, wenye vitone vyeusi ubavuni, na ukiwaacha siku chache hubakiza mashina matupu. Nilihesabu hadi 140 kisha nikaacha. Kijana mmoja alinieleza kwamba kuna dawa ya asili inayoruhusiwa, lakini mdudu huyu huzizoea dawa haraka, kwa hiyo wao huanza na vidole na kuiweka dawa akiba. Baada ya hapo tukapalilia vitunguu kwa lile jembe la kuvuta na kusukuma alilolieleza Mzee Mpalizi. Mwanzoni nilikata vitunguu sita. Nilimwambia msimamizi, akasema hata yeye alikata.

Kaka wa Worcester, nilifanya ulivyonishauri. Nyanya ziko, nimeziona kwa macho yangu, mistari 14 ndani ya nyumba ya plastiki na mingine nje, zimefungwa kamba, na zile za ndani zina matunda ya kijani makubwa kama gololi. Karoti zina unene wa penseli na tumeahidiwa wiki ya pili ya Julai. Vitalu vya kabichi na brokoli za vuli vilikuwa juu ya meza, vimeota majani mawili mawili. Kuhusu samadi, mwenye shamba aliacha alichokuwa anakifanya, akanipeleka kwenye lundo la mboji, ambamo samadi huozeshwa kwa joto ili isitiwe shambani ikiwa mbichi, na kuniingizia mkononi kipimajoto kirefu cha chuma, kisha akanionesha daftari: kila siku joto limeandikwa, na kila siku waliyoligeuza lundo imewekewa alama. Nilikaa na daftari lile kwa muda. Mwandiko ulikuwa wa watu watatu tofauti, na hapakuwa na siku iliyorukwa.

Mume wangu alikuja kunichukua saa tano, akabaki hadi saa saba akisaidia kuvuta mipira ya maji ya matone. Amesema Jumamosi ijayo ya zamu yetu atakuja yeye.

Mama Uvira, mchicha upo. Upo kila mahali, hasa kati ya vitunguu, na ni kama ulivyosema, mzizi mwekundu. Nilipomweleza mwenye shamba alishangaa, akauliza tunavyoupika, kisha akachomeka kijiti mwisho wa mstari mmoja na kuwaambia vijana kipande kile wasikiguse, kwa sharti kwamba nikichume chote kabla hakijatoa maua. Sasa hivi una urefu wa kidole. Huu wa mwituni wauchuma ukiwa na urefu gani, na maji ya kwanza unayamwaga au unayaacha?

MamaUvira, 29 Juni

Chuma ukifika urefu wa shibiri moja, uvunje kwa mkono. Shina likikataa kuvunjika, hilo limekomaa, achana nalo. Maji ya kwanza mwaga, kwa sababu huu wa mwituni huota juu ya samadi nyingi na una uchungu kidogo. Na usiupeleke nyumbani ukiwa juani kwenye gari, dada yangu. Nenda na kitambaa kilicholowa uufunike.